VITABU VILIVYOTULEA

Hotuba kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Nyakanazi

Tulipoombwa na Tume ya Haki na Amani kuzungumza nanyi, bila shaka wengi wenu mlitazamia tuseme juu ya mipaka ya mashamba, juu ya mifugo inayoingia katika mihogo ya watu, au juu ya mabinti zetu wanaopotelea hapa njia panda. Mambo hayo tutayagusa. Lakini tumeona vema kuyafikia kwa njia nyingine. Tutazungumza juu ya vitabu vichache tulivyovipenda, na namna vilivyotulea.

Pengine mtu ataguna moyoni: Padre anazungumza juu ya vitabu na sisi tuna njaa ya mbegu na mbolea! Tunamwomba atuvumilie kidogo. Mwishoni atapima mwenyewe kama tumetoka nje ya mada.

1. Towashi aliyekuwa safarini

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunasimuliwa habari za mtu mkubwa wa Ethiopia, mtunza hazina ya malkia, aliyekuwa anarudi kwao akisoma chuo cha nabii Isaya garini mwake. Filipo alimwuliza kama anaelewa anachosoma. Yule mtu hakuona haya kwa sababu ya cheo chake. Alikiri kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza, akamkaribisha Filipo apande akae naye.

Sisi wa Nyakanazi tunaielewa picha hiyo kuliko wengi, maana tunaishi barabarani. Magari yatokayo Kahama hufika hapa. Mengine hushika njia ya Kakonko, Kibondo na Kigoma. Mengine huendelea Lusahunga, na kutoka huko huelekea Biharamulo na Bukoba, au Ngara na daraja la Rusumo. Wasubi, Wahangaza, Waha, Wasukuma, Wazinza na Wahaya tumekutana hapa. Kila siku wasafiri wanapita wakiwa na karatasi mkononi: tiketi, hati ya mzigo, barua ya hospitali, hati ya kuitwa barazani. Swali la Filipo linamhusu kila mmoja wao. Linatuhusu na sisi pia, kwa kisa ambacho hatujapata kukisimulia hadharani.

2. Kosa letu

Katika utoto wetu, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Biharamulo, nyumbani palikuwa na vitabu vitatu tu: Misale ya Waumini, kitabu cha nyimbo, na kitabu cha kisomo cha watu wazima ambacho mama alifundishiwa kusoma. Mnakumbuka, au mmesimuliwa na wazazi wenu, namna taifa lilivyoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na namna kisomo hicho kilivyoenea katika mikoa hii ya Ziwa. Mama alikuwa mmoja wa waliokaa chini ya mwembe jioni baada ya jembe, akaandika jina lake kwa mara ya kwanza akiwa tayari ni mke wa mtu. Kitabu kile alikifunga katika kitambaa kama mtu anavyofunga fedha.

Kwa hiyo sisi tulijua kusoma mapema, tukajivunia. Tulipokuwa darasa la tano, bibi mmoja jirani, mjane, alitujia na karatasi yenye mhuri. Shemeji yake alikuwa anamdai shamba la migomba na kahawa aliloachiwa na marehemu mumewe. Akasema, “Mjukuu wangu, nisomee.” Tulisoma kwa sauti ya kujiamini, neno kwa neno, bila kukwama. Karatasi ilisema afike barazani siku fulani, na asipofika shauri litasikilizwa upande mmoja.

Bibi akauliza, “Upande mmoja maana yake nini?” Hatukujua. Lakini tuliona aibu kusema kwamba hatujui, maana kijiji kizima kilikuwa kinatusifu. Tukamjibu kwamba maana yake ni kuwa wazee watakuja wenyewe kusikiliza upande wake. Akashukuru, akaenda zake. Siku ile ilipofika alifagia uwanja, akatoa viti, akaketi kuwasubiri wazee. Hawakuja. Huko barazani shauri lilikwisha bila yeye, na shamba likaenda kwa shemeji. Bibi akahamia kwa binti yake aliyeolewa mbali.

Ndugu wapendwa, hatukumwibia bibi yule hata ndizi moja. Tulisoma kila neno sawasawa. Lakini alipoteza shamba lake kwa sababu ya kiburi cha msomaji ambaye hakuwa na unyenyekevu wa yule Mwethiopia. Tangu siku hiyo tunajua kwamba kusoma bila kuelewa kunaweza kumwangamiza jirani, na kwamba anayejua kusoma ana deni kwa asiyejua.

3. Kosa la Karama

Miaka miwili baadaye tulipokelewa katika seminari ndogo. Kulikuwa na maktaba yenye kabati chache, na Padre Gambera alituruhusu kuazima kitabu kimoja kila Jumamosi. Kitabu cha kwanza tulichoazima kilikuwa chembamba, nasi tulikichagua kwa sababu hiyo: Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, wakati nchi yetu ingali chini ya Waingereza.

Kusadikika ni nchi ya kufikirika iliyo angani. Humo kijana mmoja, Karama, anashitakiwa mbele ya mfalme na Waziri Majivuno. Kosa lake ni nini? Hakuiba, hakuua, hakuasi. Amewafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea anawakumbusha watawala wajumbe sita waliotumwa zamani pande zote nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, kutafuta mambo mema ya kuinufaisha nchi. Kila mmoja alirudi na hazina ya maarifa, na kila mmoja malipo yake yakawa kifungo. Mwishoni Karama anashinda, na wale wajumbe wanafunguliwa.

Tulipofika mahali pa shitaka la Karama tulifunga kitabu, tukamkumbuka bibi. Kama kijijini petu angalikuwapo Karama mmoja wa kumweleza maana ya maneno mawili, angaliketi barazani siku ile. Tukaelewa pia kwa nini Majivuno aliogopa. Mtu anayejua sheria haombi haki yake kama sadaka. Anaidai kwa adabu, na mwenye nguvu hapendi kudaiwa. Shaaban Robert hakumpa Karama upanga wala jeshi. Alimpa ulimi, kumbukumbu na siku sita za kusikilizwa. Hiyo ndiyo njia ya Haki na Amani: kusema kweli mpaka mwisho, bila matusi, hata mbele ya anayetaka kukuhukumu.

4. Mtu aliyeuawa kwa ajili ya jina

Kitabu cha pili kilitujia katika mwaka mgumu. Mnamo mwezi wa Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalianza Rwanda. Tarehe 28 na 29 za mwezi huo, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Miongoni mwao walikuwamo akina mama na watoto wasio na hatia, na walikuwamo pia watu ambao mikono yao ilikuwa na damu. Mto Kagera ukawa unachukua maiti hadi Ziwa Viktoria, na wapo kati yenu mnaokumbuka jinsi watu walivyoacha kula samaki. Mashamba na misitu ya Ngara ikawa kambi, na baadaye silaha zilizovuka mipaka zikafika hata kwenye barabara zetu. Ndiyo sababu kwa miaka kadhaa mabasi ya huku yalisindikizwa na polisi wenye bunduki.

Seminarini tulikuwa tunasoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ambayo tafsiri yake ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Wengi wanakumbuka hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Kaizari. Sisi tulishikwa na kisa kidogo kinachofuata, ambacho wasomaji wengi hukipita. Baada ya hotuba, umati uliojaa hasira unakutana njiani na mshairi mmoja aitwaye Sina. Jina lake ni sawa na la mmoja wa waliomwua Kaizari. Anawaeleza kwamba yeye si yule, yeye ni mshairi tu. Haidhuru, jina linatosha. Wanamwua.

Mwalimu wetu wa fasihi alisimamisha somo hapo. Hakuhubiri. Alituuliza tu kama tunajua mahali watu walikouawa mwaka ule kwa ajili ya jina la kabila lililoandikwa katika kitambulisho. Darasa lilinyamaza. Miongoni mwetu walikuwamo wanafunzi waliozaliwa na wazazi wa pande zote mbili za mpaka.

Tangu hapo tumekuwa waangalifu na umati, hata umati wa watu wema. Hapa Nyakanazi, mfugaji akiingiza ng'ombe shambani, tusiseme “Wasukuma wametuvamia.” Duka likivunjwa usiku, tusiseme “Ni Warundi.” Tuseme ni fulani, kama tuna ushahidi; kama hatuna, tunyamaze tutafute ushahidi. Anayemlaumu mtu kwa jina la kabila lake ameanza kufanya kazi ya umati ule. Na katika bibi mmoja anayeitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu, Sina anauawa tena katika vijiji vyetu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini, naye tunamwua kwa jina tulilompa wenyewe.

5. Mume aliyemfuata mkewe

Kitabu cha tatu kimeandikwa na mtu wa Ziwa hili hili, Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Alipata elimu yake katika seminari ya Rubya, huku huku Kagera. Hakuwa padre, alirudi kwao akaishi maisha ya mlei. Aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukimaliza, naye mwandishi akafariki mwaka 1981. Ndugu zangu walei, mkiona kazi yenu katika kanisa haionekani, mkumbukeni mzee huyu.

Kisa chenyewe kinajulikana katika nyumba nyingi hapa. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamdhihaki mke, hata wazazi wake wanakuja kumchukua na kumrudisha kwao. Mume angeweza kuoa mwingine, na hakuna ambaye angemshangaa. Lakini Myombekere anamfuata mkewe. Anakubali kutozwa na wakwe zake, anahangaika kupika pombe ya ndizi kama walivyodai, anaipeleka, anamrudisha mkewe nyumbani. Baadaye wanatafuta dawa pamoja, na wanapata watoto.

Tulikisoma kitabu hiki tukiwa seminari kuu, na tukidhani ndoa tunaijua kutoka katika vitabu vya teolojia. Kitereza alitufundisha kwamba heshima ya mke katika jamii zetu haikuletwa na meli. Ilikuwapo, ikilindwa na wanaume kama Myombekere, ingawa wengine waliivunja. Kwa hiyo mwanamume akituambia ofisini, “Padre, mila inaniruhusu kumfukuza kwa kuwa hazai,” tunamjibu, “Mila ipi? Ya Myombekere au ya wale waliomdhihaki mkewe?”

6. Kitabu kilichofichwa

Na sasa vijana. Euphrase Kezilahabi, naye wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa kuwa kinasema wazi mambo ambayo wazazi hawayasemi. Sisi tulikisoma tukiwa tumekificha ndani ya kitabu cha jiografia, na tunakiri kwamba nia yetu ya kwanza haikuwa njema.

Lakini kilituadhibu. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali kupita kiasi. Akikutwa na barua ya mvulana, anapigwa vibaya. Hafundishwi namna ya kuzungumza na mvulana. Anafundishwa kuogopa tu. Anapofika mbali na macho ya baba, hana ndani mwake kitu cha kumlinda, na mwisho wake ni wa kusikitisha. Tangu tulipopewa kazi ya kusikiliza maungamo na matatizo ya familia, tumekutana na akina Zakaria wengi. Tumekutana pia na akina Rosa katika nyumba za wageni za hapa barabarani. Baba anayemchapa binti yake bila kuzungumza naye asilaumu madereva peke yao.

7. Kitabu ambacho si hadithi

Kitabu cha mwisho hakina Karama wala Rosa. Ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Tulikinunua mara tulipopewa parokia ya kwanza, na kwetu sisi ndicho chenye machozi kuliko vyote. Kifungu cha 20 kinasema kwamba kanuni ya kimila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Sheria hiyo pia inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya kutoa haki mahakamani.

Maneno hayo yameandikwa, lakini maneno yaliyoandikwa hayatembei yenyewe. Yanahitaji mtu wa kuyasoma, kuyaelewa, na kuyachukua hadi kwenye mlango wa mjane.

Tuliporudi likizo, tukiwa katika mwaka wa tatu wa seminari kuu, tulifunga safari kwenda kwa yule bibi. Alikuwa amezeeka sana, macho yamefifia. Tulimweleza yote: kwamba hatukujua maana ya maneno yale, na kwamba tulimdanganya. Alikaa kimya muda mrefu. Tulitazamia machozi au laana. Akatuuliza, “Sasa unaelewa?” Tukasema, “Ndiyo, Bibi.” Akasema, “Basi waeleweshe wengine.” Shamba lake halikurudi. Alizikwa katika ardhi ya mkwewe. Hatuwezi kuwaambieni kwamba vitabu vilirekebisha jambo hilo.

8. Tufanye nini?

Ndugu wapendwa, tunawaachia mambo matatu, nayo hayahitaji mfadhili.

Kwanza, kila kigango kiwe na kabati moja la vitabu lenye kufuli na daftari la kuazima. Familia yenye kitabu kisichosomwa ikitoe. Katekista asiogope kuazimisha; kitabu kinachochakaa mikononi mwa watu kimefanya kazi yake.

Pili, katika kila jumuiya wachaguliwe wasomaji wawili, mwanamke na mwanamume, wa kuwasomea wengine karatasi za baraza, za benki na za hospitali. Wafundishwe jambo moja kabla ya yote: kusema “sijui” bila aibu, na kumpeleka mtu kwa anayejua. Na wafunge midomo yao. Siri ya karatasi ya jirani ni siri.

Tatu, asiwepo Mkristo wa parokia yetu atakayetia dole gumba katika karatasi ambayo haijasomwa mbele yake mara mbili, na watu wawili tofauti. Anayekuharakisha utie dole ana sababu yake.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Ni kitabu gani, au ni simulizi gani ya wazee, iliyobadili mwenendo wako? Wasimulie wenzako.
2. Je, katika jumuiya yetu kuna mjane au yatima aliyepoteza mali kwa kutoelewa maandishi? Tumemsaidiaje?
3. Ni lini tulimhukumu mtu kwa jina la kabila lake au kwa sifa tuliyompa wenyewe?
4. Wazazi: tunazungumza na binti zetu, au tunawaogofya tu?
5. Nani katika jumuiya yetu anaweza kuwa msomaji wa wengine? Mtajeni leo.

Yule Mwethiopia, baada ya kubatizwa, aliendelea na safari yake akifurahi. Tunawatakia nanyi furaha hiyo, barabara yoyote mtakayoishika mkitoka hapa. Mungu awabariki.

Tumsifu Yesu Kristo!